Samaki wa Ziwa Chala na Elimu Isiyofungwa

Sisi tu wakazi wa Majengo, mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Habari tutakayowaeleza leo ni habari ya samaki. Labda wengine watacheka na kusema, "Watu wa mlimani, wajuao kahawa na ndizi, wana nini na samaki?" Twawaomba subira kidogo. Samaki huyu ni wa kwetu, na jina alilopewa limekwenda dunia nzima. Lakini habari zake zilikaa mbali nasi kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Twataka kuwaeleza jinsi habari hizo zilivyofungwa, jinsi zilivyofunguliwa, na kwa nini jambo hili lamhusu hata mtu ambaye hajapata kushika kitabu cha sayansi.

Yafaa mjue kwanza sababu iliyotufanya sisi tuitafute habari hii. Sisi ni majirani wachache: wamo walimu, wamo wachuuzi wa sokoni, na wamo wenye vihamba huko juu mlimani. Baadhi ya wenzetu walitaka kuchimba bwawa la samaki, kwa kutumia maji ya mfereji upitao kihambani. Shauri hilo lilikuwa jema, maana samaki ni chakula kizuri kwa watoto, na bei yake sokoni si ndogo. Tukamwendea mtu auzaye vifaranga vya samaki, tukamwuliza ni samaki wa namna gani. Akatujibu, "Perege ni perege. Nyote mnawala, mnauliza nini tena?"

Tuliporudi, mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza akasema, "Wanangu, mimi sikusoma sana. Lakini nauliza neno moja. Masika yakija, bwawa lenu likafurika, samaki hao watakwenda wapi?"

Hapana aliyeweza kumjibu. Nasi twajua sote ya kuwa maji ya mteremko huu wa kusini hayakai mahali pamoja. Hushuka katika mifereji na mito, yakaenda uwandani hata Bwawa la Nyumba ya Mungu, lile lililojengwa katika miaka ya 1960. Na kutoka hapo huifuata njia ya Mto Pangani hata baharini. Basi samaki akitoroka kihambani kwa mtu mmoja aweza kuwa mgeni wa watu maelfu ambao hawakumwalika. Tukaona aibu kwamba mzee asiyesoma ameuliza swali, nasi tuliosoma hatuna jibu. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta.

Sasa twendeni Chala. Ziwa Chala liko upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nalo mpaka wa Tanzania na Kenya hupita katikati yake. Ni ziwa la kasoko, maana yake shimo lililofanywa zamani na moto wa ardhini. Kuta zake ni za mawe na zimesimama wima, hata mtu afikapo ukingoni hushtuka kuyaona maji chini sana. Kina chake ni mita 90 hivi. Halina mto wa kudumu uingiao, wala halina mto utokao. Maji yake hupita chini kwa chini katika mawe, yakitoka katika mvua inyeshayo mlimani. Katika ziwa hili lililojitenga namna hiyo, yuko perege asiyekuwako kwa asili mahali pengine popote ulimwenguni.

Katika miaka ya 1880 mwindaji mmoja Mwingereza, jina lake Hunter, alitembea pande hizi za Kilimanjaro. Samaki wa Chala wakapelekwa London, katika jumba la makumbusho, wakafika mikononi mwa mtaalamu aitwaye Albert Günther. Günther alipowatazama aliona ya kuwa hawafanani na samaki wengine aliowajua. Basi mwaka 1889 akaandika habari zao katika jarida la Chama cha Zuolojia cha London, akawapa jina la kitaalamu, Oreochromis hunteri. Neno la pili ni la kumkumbuka yule mwindaji. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, nalo lachukua maana ya mlima, kwa sababu samaki huyu aliishi katika ziwa la mlimani. Mlima huo ni huu wetu.

Sikilizeni jambo la ajabu. Miaka mingi baadaye wataalamu walipowapanga upya perege wa Afrika, na hasa mwanamke mmoja mwenye elimu kubwa, Ethelwynn Trewavas, aliyetoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1983, ikaonekana ya kuwa perege wengi ambao mama zao hulea mayai kinywani ni wa ukoo mmoja na yule wa Chala. Basi wote wakapewa jina lake la ukoo. Hata sato, yule perege wa Mto Nile, ambaye leo hufugwa katika nchi nyingi sana, toka Misri hata China na Ufilipino, jina lake la kitaalamu ni Oreochromis niloticus. Kwa hiyo mtu afugaye sato huko Asia, akiliandika jina lake kamili, ameandika neno lililoanzia katika ziwa la Kilimanjaro. Sisi tuliokaa karibu na ziwa hilo hatukuwa na habari.

Tumesema mama hulea mayai kinywani. Wanafunzi na walijue vizuri jambo hili, maana ni moja katika maajabu ya viumbe vya majini. Dume huchimba kishimo chini ya maji, akakisafisha, akakilinda na kuwaita majike. Jike hutaga mayai yake hapo, kisha huyaokota upesi kwa kinywa chake. Huyachukua humo hata yaanguliwe, na vifaranga wakitoka hukaa karibu naye. Wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Siku hizo zote mama hali, au hula kidogo tu. Kwa hiyo mayai yake si mengi kama ya samaki wengine, lakini wanaopona ni wengi. Ndiyo sababu perege wa namna hii, akitiwa katika maji mageni, huzaana na kuenea haraka.

Basi habari hizi zote zilikuwa zimekwisha andikwa. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, Rosemary Lowe, aliandika habari za perege wa Ziwa Jipe na Mto Pangani, akawapa majina yao, jipe na pangani. Mwaka 1978 jarida la Chama cha Linnaeus cha London lilitoa makala juu ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, maji yake na samaki wake. Samaki walikuwa wetu, maji yalikuwa yetu, na bila shaka wavuvi waliowaonyesha wageni mahali pa kutega walikuwa wetu pia. Lakini makala zilikaa katika rafu za maktaba za Ulaya. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu angewezaje kuzisoma?

Hapa yatupasa tueleze kidogo desturi ya wanavyuoni. Mtaalamu akichunguza jambo, huandika alivyolichunguza na alichokiona, akayapeleka maandiko yake kwenye jarida. Mhariri wa jarida huwapa wataalamu wengine wa elimu ile ile wayasome na kuyatafuta makosa. Wakiridhika, makala hupigwa chapa. Desturi ya kutoa majarida ya elimu ni ya zamani. Chama cha Kifalme cha London kilianza kutoa jarida lake mwaka 1665. Faida yake ni kubwa, maana neno la mtu mmoja hupimwa na wengi kabla halijaaminiwa, na mtu wa nchi ya mbali huweza kuanzia pale mwenzake alipoishia.

Lakini baadaye kazi hii ikawa biashara kubwa. Mtaalamu aandikaye makala za sayansi halipwi na jarida. Wenzake wahakikio makosa yake kwa kawaida hawalipwi. Mara nyingi fedha za uchunguzi wenyewe zimetoka katika hazina ya serikali, yaani kodi za wananchi. Kisha mwenye jarida huyauza yale yale maandiko kwa maktaba za vyuo, na kwa bei kubwa. Chuo kisichoweza kulipa, wanafunzi wake hawasomi. Mtu wa nje ya chuo atakaye makala moja tu huombwa dola 30 au zaidi. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukitafuta habari za samaki wa Chala kwa simu ya mkononi, tuliona jina la makala moja, tukaona na muhtasari wake, kisha tukaambiwa tulipe kwanza. Mwenzetu mmoja akasema, "Kwa fedha hizi nachimba nusu ya bwawa." Tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa na uchungu ndani yake.

Jambo hili halikuwachukiza maskini peke yao. Hata wanavyuoni wa nchi tajiri waliona ya kuwa si haki. Mwezi Desemba mwaka 2001 wachache wao walikutana katika mji wa Budapest, katika nchi ya Hungaria, na mwezi Februari 2002 wakatoa tangazo lao. Neno lao kwa ufupi lilikuwa hili: intaneti imekwisha kuja, na gharama ya kumpelekea msomaji makala ni ndogo mno, basi makala za wanavyuoni ziwekwe wazi, kila mtu azisome, azichukue, azinakili na kuwapa wengine bila kulipa, mradi jina la mwandishi litajwe na kazi yake isiharibiwe. Tangu hapo majarida mengi yameanzishwa kwa desturi hiyo, ya elimu za namna mbalimbali: uganga na magonjwa, mimea, udongo, nyota, historia, na wanyama wa majini. Mwezi Novemba mwaka 2021 nchi za UNESCO zilikubaliana kuisaidia sayansi iliyo wazi.

Wengine walikwenda mbali zaidi, wakafungua hata makabati ya zamani. Mwaka 2006 maktaba kadha kubwa za elimu ya viumbe ziliungana, zikaanza kuvipiga picha vitabu na majarida yao ya kale, ukurasa kwa ukurasa, na kuyaweka yote katika intaneti bure. Kazi hiyo huitwa Maktaba ya Urithi wa Viumbe. Humo limo lile jarida la Chama cha Zuolojia cha mwaka 1889. Basi jioni moja hapa Majengo tuliketi, mwalimu mmoja akafungua simu yake, na mbele yetu ukatokea ukurasa wa Günther wenyewe, pamoja na jina la Kilimanjaro lililopigwa chapa zaidi ya miaka 130 iliyopita. Yule mzee aliitazama ile karatasi ya zamani ndani ya kioo cha simu, akasema, "Kumbe huyu samaki wetu alikuwa na cheti, ila kilikuwa kimewekwa kwa watu." Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwako, lakini sisi wenye mali hatukuwa nalo.

Labda mtauliza, "Je, kusoma huko kulileta faida gani, au mlifurahi tu?" Hilo ndilo jambo kubwa la hotuba hii, nasi twaomba mlisikilize vizuri.

Kati ya mwaka 2011 na 2017, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor huko Uingereza, walizunguka nchini wakichunguza perege katika maziwa, mito na mabwawa. Waliwapata perege wa ukoo wa Oreochromis katika mahali 123. Makala yao ilitoka mwaka 2019, ikiandikwa kwanza kwa jina la Asilatu Shechonge, nayo imewekwa wazi. Mtu yeyote aweza kuisoma. Wanasema ya kuwa tangu miaka ya 1950 watu wamekuwa wakihamisha perege kutoka maji haya hata maji yale, kwa nia njema ya kuzidisha chakula, lakini mara nyingi bila kuandika waliyoyafanya. Leo aina 3 zimeenea mbali na kwao: sato wa Nile, perege wa Singida, na perege mwenye madoa ya samawati. Waenyeji na wageni wakikutana, mara nyingine mgeni humnyang'anya mwenyeji chakula na mahali pa kuzalia, na mara nyingine huzaana naye, hata baada ya vizazi kadha mwenyeji halisi hatambulikani tena.

Na samaki wa Chala je? Makala nyingine ya mwaka huo huo wa 2019 yamhusu yeye hasa. Wachunguzi walitega nyavu ziwani, wakaona ya kuwa mwenyeji amekuwa haba, na wageni wamemzidi kwa wingi. Kumbukeni tuliyosema juu ya Chala: hakuna mto wa kudumu uingiao. Kwa hiyo wageni hao hawakuogelea wenyewe toka mbali. Waliletwa na mkono wa mtu, labda katika ndoo, labda kwa nia njema kabisa. Leo Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Asili limemwandika perege wa Chala katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Perege wa Ziwa Jipe naye yumo katika orodha hiyo. Samaki aliyeupa ukoo mzima jina lake aweza kwisha duniani, na jina likabaki kwa jamaa zake wa mbali wanaofugwa Asia.

Basi sasa mwaona kwa nini swali la yule mzee halikuwa dogo. Wataalamu wale wa TAFIRI, Bristol na Bangor walitoa pia kitabu kidogo mwaka 2018, chenye picha za perege wote wa Tanzania na maelezo ya kuwatambua, nacho hutolewa bure katika intaneti. Tulikichukua, tukaenda nacho kwa yule mwuza vifaranga. Hatukwenda kugombana naye, tulikwenda kutazama. Kitabu kinaonyesha ya kuwa sato wa Nile hujulikana kwa mistari iliyosimama katika pezi la mkia, iliyopangwa vizuri kama ya kitambaa. Vifaranga wake walikuwa wadogo, lakini alikuwa na samaki wakubwa wa kuzalia katika kidimbwi. Tukamtoa mmoja, tukalitandaza pezi la mkia. Mistari ilikuwapo, wazi kabisa. Yule bwana alikitazama kitabu, akamtazama samaki, akatuambia, "Mimi nilinunua kwa mwingine, naye alinunua kwa mwingine. Hapana aliyeniambia." Nasi twaamini alisema kweli.

Kisha tukakaa kufanya shauri. Hatukusema ya kuwa ufugaji wa samaki ni mbaya, la hasha. Mtu mwenye njaa haambiwi aache chakula kwa ajili ya jina la kitaalamu. Wenzetu wengine walisema sato hukua upesi, na faida yake ni kubwa kuliko perege wa kienyeji. Neno hilo ni kweli, maana wataalamu walianza mwaka 1988 huko Ufilipino kuichagua mbegu ya sato ikuayo upesi, nao walichukua wazazi wake hapa Afrika, pamoja na nchi jirani ya Kenya. Wengine walisema, "Tukiwatia sato penye mfereji, tumewatia katika Mto Pangani." Maneno yalikuwa mengi, na si wote walioridhika. Mwishowe tukakubaliana hivi: bwawa lisichimbwe penye njia ya mafuriko, wala maji yake yasirudi mtoni moja kwa moja, kwenye mdomo wa kutokea maji uwekwe wavu wa matundu madogo, mtu asichukue samaki wa bwawa na kuwatupa mtoni au ziwani, hata akiwaonea huruma, na kabla ya kununua mbegu, aulizwe ofisa wa uvuvi wa wilaya ni aina gani inayofaa mahali hapa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na kihamba karibu kabisa na mto aliacha shauri la bwawa. Hilo lilikuwa hasara kwake, nasi twamheshimu kwa hilo.

Mabibi na Mabwana, lau makala zile zingalikuwa zimefungwa kwa dola 30 kila moja, tungalinunua vifaranga siku ile ile. Hii ndiyo faida ya elimu isiyofungwa. Si kwamba kila mtu atakuwa mtaalamu. Bali mtu wa kawaida, siku atakapokuwa na shauri la kukata, aweza kuuona ukweli uliokwisha tafutwa na wengine.

Mfano mwingine ni tope la Chala. Katika vilindi vya ziwa hilo tope hushuka polepole mwaka hata mwaka, tabaka moja jeupe la wakati wa kiangazi na upepo, na tabaka moja jeusi la wakati mwingine, kama kurasa za kitabu. Mwaka 2016 wachunguzi wa nchi mbalimbali walichimba katika tope hilo, wakatoa tope la urefu wa zaidi ya mita 200, lenye habari za miaka karibu 250,000. Humo hata meno ya samaki wa kale yamo. Katika makala iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2023, nayo imewekwa wazi, wanasema ya kuwa zamani za baridi kuu, joto lilipopanda mvua ilizidi katika nchi hizi. Lakini tangu miaka 11,700 hivi iliyopita mambo yamegeuka, na joto likipanda nchi hukauka. Mkulima wa Rombo au Taveta asikiaye dunia inazidi kupata joto ana haki kuzijua habari hizo, maana zimetolewa katika tope la mlangoni pake.

Lakini hatutaki kuwadanganya kwa kusifu tu. Elimu isiyofungwa nayo ina matata yake. La kwanza, kazi ya kutoa jarida ina gharama, na mara nyingi mzigo umeondolewa kwa msomaji ukawekwa juu ya mwandishi. Mwaka 2021 jarida lile la Nature lilianza kuwatoza waandishi euro 9,500 kwa makala moja itakayowekwa wazi. Majarida mengine huwasamehe waandishi wa nchi maskini, lakini si yote, wala si kila mara. Basi mtaalamu wetu aweza kusoma bure, lakini mlango wa kuandika ukawa mzito kwake. Mlango wa kuingia umefunguliwa, na mlango wa kutoka umefungwa kwa kufuli la dhahabu.

La pili, wametokea walaghai wanaojifanya kuwa na majarida. Hupokea fedha, hupiga chapa lo lote liletwalo, wala hapana mtu ahakikiye makosa. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani ya kuwa kila kilichoandikwa katika intaneti ni elimu. Atazame jarida ni la nani, na waandishi ni wa chuo gani. Tena aulize wenye kujua.

La tatu ni lugha. Karibu makala zote tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kigumu. Kwa mtu asiyekijua, kitabu kilicho wazi ni kama kimefungwa bado. Hapo ndipo kazi ya walimu wetu ilipo. Sisi hapa tulifanya hivi: mwalimu alisoma, akatueleza kwa Kiswahili, nasi tukaandika katika daftari la mazoezi. Daftari hilo sasa limezunguka nyumba nyingi, nalo limechakaa sana. Si aibu, daftari la namna hiyo likichakaa ni dalili ya kuwa linasomwa.

Wala msidhani ya kuwa elimu hii yote hutoka Ulaya. Mkusanyiko wa majarida ya Afrika uitwao AJOL ulianza mwaka 1998, na humo yamo majarida ya Tanzania, Kenya na Uganda. Chama cha WIOMSA, chenye makao yake Zanzibar, hutoa jarida la sayansi ya Bahari ya Hindi ya Magharibi, nalo husomwa bure. Yuko pia FishBase, daftari kubwa la samaki wa dunia nzima, lililo katika intaneti tangu mwaka 1996. Mwanafunzi akiandika jina la samaki ataona picha yake, urefu wake, chakula chake na mahali akaapo.

Basi twawaachia maneno machache. Ninyi wanafunzi, someni majina ya samaki wa kwenu kabla ya kusoma majina ya wanyama wa mbali. Ninyi wavuvi wa Chala, Jipe na Nyumba ya Mungu, mkimwona samaki msiyemjua, msinyamaze. Mwambieni ofisa wa uvuvi, maana macho yenu ndiyo ya kwanza kumwona mgeni. Nanyi wataalamu mnaokuja kwetu na nyavu na chupa zenu, twawapokea kwa furaha. Lakini mkiondoka na samaki wetu, rudisheni habari zake, nanyi mziandike mahali ambapo mwenye ziwa aweza kuzisoma.

Yule mzee aliyetuuliza swali lile yuko bado, nasi tulimpelekea jibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali jingine: "Na huyo wa Chala, wamebaki wangapi?" Hatukuwa na hesabu ya kumpa. Tulimwambia tu ya kuwa ni haba. Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi haba si hakuna."

Nasi twasema kama yeye.